Namba tasa kwenye mfuatano wa kujumlisha: ukianza na 0 hakuna inayoponyoka

Mkuu umeuliza, ukichukua namba mbili ukajumlisha upate ya tatu, afu ya pili na ya tatu upate ya nne, hivohivo bila kikomo, je kila namba tasa itakuja kugawa mojawapo bila baki? Inategemea umeanza na zipi.

Mi napiga twisheni ya hesabu hapa Masasi, na hili huwa nawapa vijana wa kidato cha pili msimu wa korosho, maana nusu wako mashambani wanaokota na huwezi kusonga na silabasi. Wanakimbilia kuandika 0, 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, mara wako kwenye maelfu huko na daftari limechafuka. Nawaambia achaneni na namba zenyewe, andikeni baki. Ukigawa kwa 7 zinatoka 0, 1, 1, 2, 3, 5, 1, 6, 0. Hiyo sifuri ya mwisho ndo 21.

Sasa kwa nini sifuri lazima irudi? Baki inayofuata inaamuliwa na baki mbili za mwisho basi, na kwa 7 jozi za baki ziko 49 tu, kwa hiyo lazima kuna jozi itajirudia, na kwa vile ukitoa badala ya kujumlisha unarudi nyuma kwa njia ileile moja, mzunguko hauna pa kuingilia katikati, unarudi mpaka jozi ya mwanzo, na ya mwanzo ilikuwa na 0. Hiyo ni kwa tasa yoyote ile.

Afu kuna utamu, ukihesabu ile 0 kama nafasi ya 0. Tasa inayoishia na 1 au 9 inagawa namba iliyo nafasi moja kabla yake, 11 inagawa ya 10 ambayo ni 55. Ikiishia na 3 au 7 ni nafasi moja mbele, 23 inagawa ya 24, yaani 46368, ambayo ni 23 mara 2016.

Ila anza na 2 na 1 uone: 2, 1, 3, 4, 7, 11, 18, 29, 47. Baki za 5 ni 2, 1, 3, 4, 2, 1, 3, 4, zinazunguka hapohapo, sifuri haipo. Kuna dogo aliapa huko mbele itatokea inayoishia na 0 au 5, aendelee tu kuandika.

Na balaa lenyewe, 1964 mwanahisabati Ronald Graham alionyesha unaweza kuanza na namba mbili zisizo na kigawo cha pamoja zaidi ya 1 na usipate tasa hata moja milele, kwa sababu kila nafasi ina tasa ndogo inayoigawa kutoka kwenye orodha fupi. Mwaka 2004 mwanahisabati mwingine, Vsemirnov, akapata za kuanzia ndogo zaidi, 106276436867 na 35256392432. Ndogo, eti.

Kwa mfuatano wako wewe, piga baki mpaka uone 0 au jozi ya mwanzo irudi. Jozi ikirudi kabla ya 0, hiyo tasa haigawi kitu humo.