Pensheni: usiulize umeahidiwa nini, uliza fungu liko wapi

Hong Kong ilipokaribia kurudishwa China, pensheni za watumishi wa koloni zililindwaje? (Msomaji, Masasi)

Kwa maandishi na kwa fedha. Ibara ya 102 ya Sheria ya Msingi, yaani katiba ndogo ya Hong Kong, iliahidi kwamba baada ya 1 Julai 1997 wastaafu watalipwa kwa masharti yasiyopungua ya zamani, popote wanapoishi. Lakini pensheni ilitoka kwenye mapato ya serikali ya kila mwaka. Mtumishi hakukatwa mshahara kuiwekea akiba. Ndipo Januari 1995 ukaanzishwa mfuko wa akiba, uguswe tu hazina ikishindwa. Wengi hukosea hapa: pensheni za kila mwezi ziliendelea kulipwa na hazina. Mfuko wa namna hiyo hununua muda, haufuti deni.

Babu alipigana Mahiwa upande wa Mjerumani. Tudai? (Lindi)

Hapana. Fedha zilizoidhinishwa na bunge la Ujerumani Magharibi mwaka 1964 zilikuwa malimbikizo ya mshahara kwa askari waliokuwa bado hai. Vita vya Mahiwa vilikuwa Oktoba 1917. Hesabu mwenyewe miaka. Akija mtu kuwauzia fomu za madai, msitoe hata senti.

Pensheni za Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977 anadaiwa nani? (Mtwara)

Tumeshajibu mara nyingi, tafadhali someni. Mkataba wa Arusha wa 1984 uliitwisha kila nchi pensheni za raia wake. Jumuiya ya sasa haidaiwi.

Mimi ni mwalimu, niliajiriwa 1994. Miaka ya kabla ya 1999 inahesabiwa? (Newala)

Inahesabiwa. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali kuu hawakuchangia; mfuko wao wa pensheni (siku hizi ni PSSSF) ukabebeshwa kulipia miaka ambayo haukuletewa chochote. Pengo likakua hadi serikali, mwaka 2021, ikatoa hati fungani isiyo taslimu, yaani ahadi ya maandishi ya kulipa baadaye, ya shilingi trilioni 2.17. Huo ndio ubaya wa kuahidi leo na kutenga kesho.

Sasa angalia lako. Mchango ni asilimia 20: kwa mshahara wa shilingi 1,000,000, wewe unakatwa 50,000, mwajiri anaongeza 150,000. Hati ya mshahara inaonyesha umekatwa, haithibitishi kwamba fedha zimefika PSSSF. Chukua taarifa ya michango, ipitie mwezi kwa mwezi, na ukikuta mwezi mtupu peleka nakala kwa afisa utumishi pamoja na barua ya ajira na ya kuthibitishwa kazini. Fanya hivyo ukiwa bado kazini. Ukisubiri ustaafu utakuta afisa aliyekujua kahamishwa na jalada halionekani.