Barua kwa mwanangu: ufanye SAT au uache?

Mwanangu,

Umeniuliza kama kuna haja ya kuhangaika na SAT, ule mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani, ilhali vyuo vingi vya Marekani unavyotaka kuomba vinasema alama zake si lazima. Umeniambia pia kuwa rafiki zako wameamua kuachana nayo, na kwamba kukokotoa hesabu huku saa inakimbia kunakupa tumbo joto. Jibu langu ni kwamba uufanye. Ila sitaki uufanye kwa sababu baba kasema, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Kufanya mtihani ni uamuzi mmoja, kutuma alama ni mwingine, na wewe umeyaunganisha. Ukishaufanya, chuo kisicholazimisha alama hakitaziona mpaka wewe mwenyewe uamue kuzipeleka. Ukiacha kuufanya, halafu ukabadili mawazo mwishoni mwa mwaka maombi yakikaribia kufungwa, hutakuwa na cha kutuma.

Tena masharti yenyewe hayajatulia. Chuo cha Bowdoin kiliacha kulazimisha alama tangu 1969, lakini wengi walifuata mwaka 2020, korona ilipofunga vituo vya mitihani. Baadaye baadhi wakarudi nyuma: MIT mwaka 2022, kisha Dartmouth, Yale, Brown na Harvard mwaka 2024. Yale iliporudisha sharti hilo ilikubali pia matokeo ya AP au IB, mitihani ya masomo ya ngazi ya juu ya sekondari, badala ya SAT au ACT, mtihani mwingine unaofanana nayo. Chuo Kikuu cha California nacho kimeshika njia yake: hata ukipata 1600, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa, hawaitazami wanapoamua nani aingie. Kwa hiyo usimfuate mtu aliyeomba miaka mitatu iliyopita. Fungua ukurasa wa udahili wa kila chuo na usome masharti ya mwaka wako.

Jambo lililonifanya nishike msimamo huu ni sababu waliyoitoa Dartmouth. Walipochunguza takwimu zao wenyewe waliona kuwa baadhi ya waombaji waliotoka katika mazingira magumu walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia. Waliziona ndogo wakizilinganisha na za wanafunzi wa shule zenye kila kitu, kumbe afisa wa udahili huitazama alama pamoja na mahali ilikotoka. Sasa jifikirie wewe. Msomaji wa maombi yako huenda hajawahi kusikia jina la shule yako, wala hajui kama alama za juu hapo hutolewa kwa ubahili au humwagwa kama njugu. Alama nzuri ya SAT inampa kipimo anachokijua. Barua ya mwalimu wako, hata iwe tamu vipi, haiwezi kumfanyia kazi hiyo.

Utajuaje kama ni nzuri? Vyuo vingi hutangaza alama za nusu ya katikati ya wanafunzi wao wapya, yaani robo ya chini na robo ya juu zikiwekwa kando. Tuseme chuo kimeandika 1400 hadi 1520: ukiwa na 1450, tuma bila kusita. Ukiwa na 1250, na matokeo yako ya shule yana nguvu zaidi, nyamaza. Kumbuka tu kuwa penye hiari wenye alama ndogo hawatumi, kwa hiyo kiwango unachokiona kimepanda kuliko hali halisi. Ukiwa chini kidogo ya 1400, usikate tamaa haraka. Vipo pia vyuo vichache vinavyotaka kuona alama za kila mara uliyofanya, kwa hiyo usijiandikishe ovyo kwa kujaribu bahati.

Kuhusu hesabu, nadhani unaogopa mtihani wa zamani. SAT ya sasa hufanywa kwa kompyuta na humalizika kwa saa 2 na dakika 14. Hesabu zina maswali 44 kwa dakika 70, na kikokotoo kinaruhusiwa mwanzo hadi mwisho. Jibu lisilo sahihi halikukati alama, kwa hiyo usiache swali wazi. Kabla hatujalipa chochote, fanya mtihani mzima wa mazoezi ndani ya programu ya Bluebook; ni bure. Mazoezi ya tovuti ya Khan Academy nayo ni bure, na kwa maoni yangu yanatosha. Masomo ya ziada ya bei mbaya sitayalipia.

Nitabadili jibu langu ukiniambia orodha yako yote ni ya kampasi za Chuo Kikuu cha California, au kwamba maandalizi yanakula muda wa masomo ya shule. Matokeo ya shule hupimwa kwanza, na hapo sibishani nawe.

Usisahau kuwa hiari ya SAT haikuondolei mtihani wa lugha ya Kiingereza kama TOEFL au IELTS pale chuo kinapoutaka. Na kwa kuwa maombi ya duru ya mapema hufungwa mwanzoni mwa Novemba, usingoje dakika za mwisho kutafuta nafasi. Nje ya Marekani vituo si vingi. Nitumie orodha ya vyuo na matokeo ya hayo mazoezi ya kwanza, hata yakiwa mabaya. Nikishayaona, tutachagua tarehe na nitalipa ada.

Mama yako anakusalimu.

Baba