Mteja Akisema Pesa Zilikuwa Nyumbani

Nyinyi mnaoanza kazi ya uwakala wa ushuru hapa Kenya mtausikia utetezi huu mapema: "Hizo si faida ya biashara, ni akiba yangu. Nilikuwa nimeziweka nyumbani." Msiudharau. Wapo wafanyabiashara wa sokoni, wafugaji na wazee waliouza shamba ambao kweli huweka noti nyumbani.

Ila KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ikishajumlisha pesa zilizoingia benki na kuondoa mikopo na zile zilizohamishwa kati ya akaunti, salio huhesabiwa kuwa mapato. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 kinamtaka mlipa ushuru mwenyewe aonyeshe kwamba tathmini, yaani hesabu ya KRA ya ushuru anaodaiwa, ina makosa. Afisa halazimiki kuthibitisha kuwa hakukuwa na sanduku la pesa nyumbani.

Swali la kwanza kwa mteja liwe la 2019. Akidai aliweka noti za elfu moja tangu 2014 na kuzipeleka benki 2022, alizibadilishaje? Noti za zamani za elfu moja zilitangazwa kuondolewa tarehe 1 Juni 2019, na muda ukakatika 30 Septemba. Zaidi ya noti milioni 7 hazikurudi kabisa. Kiasi kikubwa kilichobadilishwa benki aghalabu kiliacha alama, kwa hiyo itafuteni taarifa ya akaunti ya miezi hiyo. Mkiipata, ina uzito kuliko viapo vya mke na shemeji vikiwekwa pamoja. Na kama alibadilisha kidogo kidogo, au alikuwa na noti ndogo, aeleze vizuri wakati huu, si mbele ya Jopo la Rufaa za Ushuru.

Kisha angalieni madeni. Mtu mwenye milioni mbili chini ya kitanda alikuwa akichukua mkopo wa simu wa M-Shwari kila mwezi kwa nini? Pengine ana sababu nzuri, lakini lazima muisikie kabla afisa hajaiuliza.

Mkataba wa kuuza shamba, stakabadhi za mnada wa mifugo, mgao wa chama cha akiba: hivyo vyote leteni. Ritani za zamani, yaani taarifa za mapato alizowasilisha KRA, zisomeni kwa uangalifu zaidi. Kama miaka ile ya kuweka akiba alijaza kwamba hakuwa na mapato, utetezi wake unafungua mgogoro mwingine, maana kikomo cha miaka mitano cha kurekebisha tathmini hakimlindi aliyefanya udanganyifu au kukwepa ushuru kwa makusudi. Kuna wakati ni heri kuuacha utetezi huo, hata kama mteja anaushikilia.

Pingamizi dhidi ya tathmini linawasilishwa ndani ya siku 30, likiwa na nyaraka zake. Kabla ya kuliandika, choreni jedwali la mwaka kwa mwaka: akiba ya mwanzo, iliyoongezwa, iliyotumika, iliyobaki. Wekeni karo, kodi ya nyumba, harusi na matibabu. Hesabu ikikataa, mwambieni mteja siku hiyo hiyo, angali na muda wa kukubali sehemu ya deni na kuomba kulipa kwa awamu.