Ubao unachimbika mwishoni: usikimbilie visu

Swali: Fundi, nina mashine ndogo ya randa ya kuweka mezani, ya inchi 13, nairandia mbao za paini hapa Mafinga. Kila ubao unachimbika sentimita kama 6 za mwisho, na upande wa kushoto unatoka mwembamba kuliko wa kulia. Fundi wa mtaani anasema nivitokeze visu zaidi, na upande wa kulia niweke karatasi chini ya kisu. Nimsikilize?

Jibu: Usimsikilize. Mashine ikileta shida yoyote, wengi wanafungua visu kwanza, na hapo ndipo mashine nzima zinapoharibiwa.

Ubao wako unashikiliwa na rola mbili, moja kabla ya visu na nyingine baada yake. Mwisho wa ubao ukishaiacha rola ya kwanza, unabaki kushikwa na moja tu. Kama kichwa cha ubao kinaning'inia mbele, mkia unainuka na kuingia kwenye visu. Ndiyo maana shimo lina urefu wa karibu ule uliopo kati ya rola na visu. Sasa, rola zimepangwa zikae chini kidogo ya ncha za visu ili zikandamize ubao. Ukivitokeza visu, rola zinapoteza mkandamizo huo, ubao unashikwa kwa ulegevu na shimo linazidi. Huo ushauri unaongeza ugonjwa uleule.

Angalia meza za kuingilia na kutokea. Chomoa plagi, laza rula ndefu ya chuma iliyonyooka kuanzia ncha ya meza moja hadi nyingine, ipite juu ya kitanda cha mashine, yaani bamba la chuma ambalo ubao hupita juu yake chini ya visu. Ncha za nje ziwe juu kidogo, kiasi kwamba katikati, kati ya rula na kitanda, kadi ya simu inapita kwa kubana. Zikiwa zimelala, zipandishe kwa boliti zake za chini. Ubao mrefu uwekee stendi upande wa kutokea. Kama mashine yako ina kufuli ya kichwa (sehemu ya juu inayobeba visu na rola, inayopanda na kushuka), ifunge kila unapobadili unene. Futa pia utomvu kwenye rola, maana paini hugandisha na rola zikateleza.

Kuhusu kushoto kuwa kwembamba, usipime kwa macho. Chukua vipande viwili vyembamba vya mbao vyenye unene mmoja, kimoja kipite kushoto kabisa na kingine kulia kabisa kwa wakati mmoja, halafu vipime unene kwa vernia, kile kipimo cha kubana chenye kusoma sehemu za milimita. Tofauti ya milimita 0.1 isikusumbue. Ikizidi hapo, safisha kwanza kitanda na vikalio vya visu, kwa sababu chembe moja ya maranda iliyobanwa chini ya kisu inatosha kukiinua. Ukishasafisha na tofauti ikabaki ileile, basi kichwa chenyewe kimelala upande. Kwenye mashine nyingi za aina hii kinapanda na kushuka kwa skrubu zilizounganishwa kwa cheni chini ya mashine, na kurekebisha ni kuilegeza cheni, kuzungusha skrubu za upande mmoja kidogo kidogo, kisha kupitisha vipande vile tena. Hakuna kisu kinachoguswa.

Karatasi ndiyo inayonikasirisha zaidi. Ngoma inayoshika visu ndani ya kichwa cha mashine hizi huzunguka kati ya mara 8,000 na 10,000 kwa dakika. Kisu kinashikwa na chuma kubana chuma. Ukiweka karatasi katikati, inasagika na kulegea kwa joto na mtikisiko, na boliti ulizoamini zimekaza hazikazi tena. Kisu kikichomoka kinatoka na nguvu zote hizo, na wewe umesimama mbele yake. Hali kadhalika wanaonoa visu kwa tupa, kimoja kikawa chepesi kuliko mwenzake: mashine inatetemeka, beringi zinakufa, halafu lawama zinakwenda kwa aliyeiuza.

Kama visu vyako vina matundu yanayokaa kwenye pini, kutokeza kwake hakurekebishwi hata kidogo. Vikiisha makali upande mmoja, geuza; vikiisha pande zote, nunua vya mashine hiyohiyo. Kama ni vya kunoa, vipeleke pamoja vinolewe pamoja, uvirudishe kwa geji iliyokuja na mashine, na boliti uzikaze kutoka katikati kwenda pembeni.