Andika joto kwanza, ndipo uandike hiyo namba

Juzi tena, hapa maabara Kampala, nimemkuta mdogo wangu mmoja ameshika kipande cha akriliki, ile plastiki angavu, kiganjani, anapiga soga. Alipomaliza soga akakibandika kwenye prizimu ya refraktometa, ile mashine ya kupima mwanga unapindwa kiasi gani, akasoma papo hapo. Namba nne baada ya nukta! Sikufoka. Nilikwenda kutafuta chai.

1. Sampuli ipumzike. Plastiki hailingani na joto la prizimu kwa kuamrishwa. Mimi hungoja dakika kumi, na mstari wa kivuli, ule tunaousomea namba ndani ya mashine, ukiwa bado unatambaa, naongeza.

2. Bromonafthalini, kile kimiminika cha kugusanisha sampuli na prizimu, usiitie kwenye plastiki ya polistireni. Inaila.

3. Joto liandikwe kando ya kila namba. Si juu ya ukurasa mara moja asubuhi, kila namba. Hapa nina kidonda.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi nilitaka kujua kama jua linabadili kipeo cha mpindo cha akriliki, yaani ile namba inayosema mwanga unapindwa kiasi gani. Vipande vingine nikaviweka juu ya bati miezi mitatu, vingine kabatini. Siku ya kupima, vya kabatini vilianza, mashine ya maji, ile inayoshikilia joto la prizimu, ikiwa nyuzi 20: 1.4915, safi kabisa. Saa saba umeme ukakatika. Jenereta ikanguruma, taa ya sodiamu ikawaka, mimi nikaendelea na vya juu ya bati: 1.4906. Tena 1.4906. Moyo ulinidunda, ndugu zangu. Nilikuwa nimegundua kitu!

Msidhani sikukagua. Nilichukua kile kioo cha majaribio, ambacho namba yake inajulikana tayari, kikasoma sawasawa. Ndipo nikaandika ripoti kurasa kumi na mbili: jua, minyororo ya polima kukatika, na mchoro wa rangi. Nikaisoma mbele ya watu. Wakubwa walitikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha mzee fundi wa maabara, aliyekuja kufunga madirisha tu, akauliza, "Kijana, umeme uliporudi, mashine ya maji uliiwasha tena?"

Sikuwa nimeiwasha. Ile haijiwashi. Chumba mchana ule kilikuwa nyuzi 28, na akriliki hupoteza karibu 0.00011 kwa kila nyuzi moja, kwa kuwa ikipata joto inatanuka na msongamano unapungua. Zidisha mara nane mwenyewe. Kesho yake nilipima vya juu ya bati kwa nyuzi 20, vikanipa 1.4914. Na kile kioo hakikunidanganya: kioo cha kawaida hubadilika kwa sehemu za milioni tu, kwa hiyo mashine ikipata moto chenyewe kitakaa kimya kama mgeni msibani. Tangu siku hiyo nakagua kwa maji yaliyokenekwa: 1.3330 kwa nyuzi 20, 1.3319 kwa nyuzi 30. Maji ni mmbea, yanasema kila kitu.

4. Changanyeni zamu: cha kabatini, cha juani, cha kabatini. Ningefanya hivyo, nisingepata hadithi ya kuwasimulia, na ningekula chakula changu kwa amani ile wiki.

5. Wanaopasha akriliki kupita nyuzi 105 au hapo karibu, msichore mstari mmoja ulionyooka wa kipeo na joto. Ikishalainika, kipeo chake kinashuka kwa kasi zaidi. Kuna mtu nimeshamwambia mara tatu, anajijua.

Yule mdogo wangu amerudi. Amekaa mbele ya refraktometa kwa adabu, mikono mfukoni, sampuli inapumzika dakika kumi kamili. Mashine ya maji hajaiwasha.