Maswali na Majibu: Ukuta wa Kuvu

Mwalimu, uyoga hausogei na seli zake zina ukuta kama za mchicha. Mbona si mmea? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Morogoro)

Mwanangu, usiishie kuona kwamba ukuta upo. Uliza umejengwa kwa nini. Wa mchicha ni selulosi, nyuzi za sukari zilizoungana. Wa uyoga, ambao ni kuvu, una glukani (nayo ni sukari zilizoungana) na kaitini, ileile inayofanya gamba la kamba na la panzi kuwa gumu. Mfaransa Henri Braconnot aliitoa kwenye uyoga mwaka 1811, kabla haijatambuliwa kwa wadudu. Tena uyoga haujitengenezei chakula. Mwaka 1969 mwanaikolojia Robert Whittaker alizipa kuvu himaya yao, yaani kundi kuu la viumbe lililo mbali na mimea.

Viazi mviringo vyangu vina bakajani chelewa. Bwana shamba anasema si kuvu, nami naona ukungu mweupe chini ya jani! (Mkulima, Njombe)

Bwana shamba yuko sahihi, na jambo hili linagusa mfuko wako. Kiumbe hicho, Phytophthora infestans, kina nyuzi kama za kuvu, ndiyo maana kwa miaka mingi wataalamu walikihesabu humo. Lakini ukuta wake ni selulosi na glukani. Kaitini ni haba mno au haipo kabisa. Vinasaba navyo vinaonyesha kuwa ni jamaa wa mwani wa kahawia.

Sasa tazama dawa. Zile za kundi la triazoli huua kuvu kwa kuizuia isitengeneze egosteroli, aina ya mafuta ya utando wa seli. Phytophthora haitengenezi egosteroli, kwa hiyo ukipiga triazoli peke yake utamaliza pesa na viazi vitateketea. Dawa ya mandipropamidi, kwa upande wake, hushika kimeng'enya kinachojenga selulosi ya ukuta wake. Nakusihi, soma kiambato kwenye lebo kabla hujalipa. Maneno "dawa ya ukungu" hayatoshi.

Kuta za kuvu zote ni sawa? (Msomaji, Tanga)

La. Mwaka 1968 mtaalamu wa kuvu Salomon Bartnicki-Garcia alizipanga kwa sukari za ukutani. Hamira ina glukani na manani, kaitini kidogo tu. Rhizopus, ukungu mweusi wa mkate, una kaitini na kitosani, jamaa ya kaitini.

Basi ukuta unatosha kuitambua kuvu? (Muuguzi, Mwanza)

Peke yake, hapana. Pneumocystis jirovecii, inayoshambulia mapafu ya wenye kinga dhaifu, ilidhaniwa kuwa protozoa, kiumbe cha seli moja kama kimelea cha malaria, mpaka mwaka 1988, ulinganisho wa RNA ya ribosomu (vinasaba vya mtambo wa seli wa kutengeneza protini) ulipoonyesha ni kuvu. Ajabu yake, haina kaitini, na utandoni mwake mna kolesteroli badala ya egosteroli. Ndiyo maana flukonazoli, dawa ya kuvu inayolenga egosteroli, haiiwezi, na wagonjwa wenu mnawapa kotrimoksazoli.