Majani ya bustani ya watu, mbuzi wangu wale?

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Natunza bustani tatu Msasani, na kwangu Goba nina mbuzi watano. Kila Ijumaa natupa viroba vya majani: haibiskasi, bogenvilia, lusina, na mti mmoja wa maua ya pinki wenye majani marefu, membamba, magumu. Niwapelekee mbuzi?
Mtunza bustani, Goba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na huo wa maua ya pinki, maana ulishaniliza. Jirani alikata ua wake, mke wangu akaokota mzigo mzima akidhani ni neema. Jioni mbuzi walikula vizuri. Alfajiri nilikuta majike wawili wamekufa, na mimi ndiye bwana mifugo wa kata!

Kwa maelezo yako, hiyo ni oleanda. Sumu yake hupiga moyo, na majani machache tu yanaua mbuzi. Yakiwa mabichi ni machungu, mbuzi aliyeshiba huyakwepa. Yakinyauka ndani ya kiroba pamoja na haibiskasi, anayala bila kushtuka, na sumu bado imo hata yakikauka kabisa. Kwa hiyo usiseme utachambua ukifika nyumbani. Oleanda ikate siku yake, iweke kiroba chake, uifukie. Usiichome, moshi wake nao una sumu.

Haibiskasi wape bila wasiwasi, watamaliza hadi maua. Bogenvilia wanaila pia. Chagua matawi machanga, miiba haijakomaa.

Mali yako hasa ni lusina. Ina protini nyingi kiasi kwamba utapunguza kununua mashudu. Ila ina kemikali iitwayo mimosini, ambayo ikizidi mnyama hunyonyoka manyoya na tezi ya shingo huvimba. Isipite theluthi ya chakula cha siku, na anza na konzi mbili tatu kwa siku, wiki ya kwanza. Punda wa jirani usimpe, yeye hunyonyoka upesi zaidi.

Majani ya kulisha yafunge matita uyaning'inize usawa wa vichwa vyao. Mbuzi hali alichokikanyaga, utaishia kufagia.

Halafu kabla ya Ijumaa ijayo waulize wenye nyumba wamepiga dawa gani ya wadudu, na lini. Wakisema hawakumbuki, viroba vya nyumba hiyo viende shimoni wiki hiyo.